Wino wa Masizi

Mzee Ambilikile alizikwa Jumanne, nami nikapata habari Ijumaa. Binti yake mkubwa, Atupele, alinipigia simu jioni nikiwa nafunga duka. Akaniomba radhi kwa kuchelewa, maana namba yangu aliikuta imeandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya zamani na hakuwa na hakika kama bado ni yangu. Nilimpa pole. Akasema, "Ndaga, dada," asante ya Kinyakyusa, kisha kila mmoja akamsubiri mwenzake akate simu. Hapa Kondoa hakuna mtu aliyewahi kumwona mzee huyo, na nilipofika nyumbani sikuwa na wa kumwambia kwamba amekufa mtu aliyenifundisha kazi. Nilisonga ugali mdogo, nikaula nimesimama. Nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu na miezi michache, karibu miaka ishirini iliyopita, na nikihesabu watu walionifanya niwe nilivyo, sihesabu wengi kabla ya kumfikia yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipofika Kyela, na sikuwa na mtu pale. Nilipanga chumba Bondeni, katika nyumba ambayo kuta za ndani hazikufika juu. Nafasi iliyobaki kati ya ukuta na bati ilipitisha kila kitu: harufu ya wali wa mpunga mpya, moshi, kikohozi cha babu wa mwenye nyumba, na mazungumzo yao yote ya Kinyakyusa ambayo sikuelewa hata chembe. Baada ya muda nilijua tu sauti zao wakisali na sauti zao wakigombana. Wakicheka, nilingoja kuona kama kicheko kitaishia kwa jina langu, lakini hawakuwa na sababu ya kunitaja. Walikuwa watu wema, wakinisalimu kila asubuhi kwa Kiswahili cha taratibu, kama watu wanaomsemesha mgonjwa. Mimi nilipika kwenye jiko langu la mkaa, wali na dagaa, wali na mchicha, na nilikuwa na tabia ambayo sijawahi kumwambia mtu: niliacha chakula kimefunikwa mpaka niwasikie wao wanapakua, ndipo nami nipakue, ili vijiko vilie pamoja.

Studio ya Mzee Ambilikile haikuwa mbali na pale. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, meza ya kupokelea wateja na pazia lililochorwa ziwa na milima. Chumba cha nyuma ndicho alichosafishia picha kwa mkono kwa zaidi ya miaka thelathini, na ingawa dawa zake zilikuwa zimekwisha, ukutani bado palinuka siki. Alijulikana kwa picha za nyeusi na nyeupe. Wazee wa Kyela walizitaka hizo hizo, kwa ajili ya ukuta wa sebuleni na kwa ajili ya msiba, kwa kuwa walikwisha kuona picha za rangi za watoto wao zikigeuka nyekundu wakati za nyeusi za babu zao bado zinawatazama vilevile. Lakini karatasi za kazi ile zilikuwa zimeadimika, na boksi lake la mwisho lilipoisha alikwenda Mbeya akarudi na printa ya wino. Mimi aliniajiri kwa sababu nilijua kompyuta. Siku ya kwanza alinionyesha printa ikichora uso wa mwanamke mstari kwa mstari, akaniuliza, "Binti, wino huu utakaa?" Nikamjibu, "Wino ni wino, mzee." Alinitazama kidogo, akaamini. Wino niliouchagua ulikuwa ule wa chupa wanaoutumia watu wote mjini kwa barua na vyeti.

Mwezi wa sita, mvua zilipokwisha kukatika na barabara kukauka, alikuja mama mmoja kutoka Ngana aliyeitwa Mama Lusajo. Nilimkumbuka. Miezi saba kabla ya hapo alituletea picha ya pasipoti ya mwanawe Lusajo, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, aliyekufa kwa homa ya siku nne. Tulikuwa tumeinakili, tukaikuza, tukaitia kwenye fremu. Sasa aliifungua fremu ile kutoka kwenye kitenge, akailaza mezani kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umekuwa wa rangi ya nyama ya pera bivu. Nywele zilikuwa kivuli tu, na macho yamebaki mistari miwili.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza kama picha huwa zinaumwa."

Akaendelea, bila ukali wowote, "Nilifikiri ni macho yangu. Nikaenda hospitali wakanipima, wakasema macho ni mazima. Basi nikajua ni yeye anaondoka tena."

Mzee Ambilikile alikuwa ametoka chumba cha nyuma. Aliichukua picha akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akakuta mhuri wake mgongoni. Alikaa anautazama ule mhuri muda mrefu kuliko alivyoutazama uso. Kisha akamwambia yule mama, "Kosa ni letu. Tutakutolea nyingine." Akaniuliza kama ile ndogo tuliyoinakili bado ipo kwenye kompyuta.

"Ipo," nilisema.

Haikuwepo. Mwezi wa tatu kompyuta ilijaa kwa picha za mahafali ya shule, nami nikafuta za nyuma bila kuzitazama moja moja. Nilitumaini tu kwamba yule mama anayo ile ya pasipoti, lakini kabla sijauliza alisema mwenyewe kwamba mwezi wa nne maji yaliingia ndani, mkoba wa karatasi ukalowa, na alipoitoa picha ile ilikuwa nyeupe kama haijawahi kupigwa. "Ndiyo maana nasema afadhali nyie mnayo," alisema. Akaifunga fremu yake kwenye kitenge. Mzee alimwomba aiache, akakataa. Nilimsindikiza hadi nje, na niliporudi nilijifanya natafuta kitu chini ya meza, kwa kuwa sikutaka Mzee aone uso wangu.

Aliniita chumba cha nyuma. "Mimi niliomba nyeusi," alisema. "Kwa nini imekuwa nyekundu?" Nikamweleza nilichokuwa najua tangu mwanzo na sikukipa uzito: kwamba printa ile haikuwa na kijivu. Ilichanganya buluu, nyekundu na njano mpaka jicho likadanganyika, na jua au hewa ikiila buluu kwanza, zinabaki zile nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alikwenda nje akakishusha kibao kilichosema tunatoa picha za nyeusi na nyeupe, akakiegemeza ukutani kikitazama ukuta. "Tusimtoe mtu sura," alisema, "mpaka tujue itakaa." Tangu siku hiyo tuliishi kwa picha za pasipoti na kurudufu karatasi. Wateja wake wa zamani walikuja wakamsihi. Nilimsikia akiongea nao kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, na wao wakitoka wananiangalia.

Ndipo tulipoanza kupima wino. Mzee hakutaka tupimie uso wa mtu, kwa hiyo nilipiga picha mkono wake wa kushoto, mkono wa mtu aliyelowesha vidole kwenye dawa maisha yake yote, wenye mikunjo ya kila kivuli kati ya nyeupe na nyeusi. Kwa kila wino tulioupata tulichapa mkono ule, tukakata picha katikati. Nusu niliifungia kwenye kopo la biskuti gizani, nusu nikaibandika kwenye dirisha la magharibi lililopokea jua lote la mchana. Nyuma niliandika kwa penseli jina la wino na siku tuliyoanza. Kila Jumatatu tulitoa nusu za kopo, tukaziweka kando ya nusu za dirisha, tukainama pamoja. Hizo ndizo zilikuwa nyakati ambazo katika mwaka ule sikujiona peke yangu, ingawa hata hapo nilikuwa na uongo wangu kifuani, na ulikuwa unakaa kati yetu kama mtu wa tatu.

Wino wa chupa ulikuwa umekwenda kabla wiki ya sita haijaisha. Wino wa kiwandani, ule wa watengenezaji wa printa wenyewe, ulivumilia zaidi, lakini kufikia mwezi wa nane kucha za Mzee zilikuwa zimeanza uwekundu. Tulijaribu kutumia katriji nyeusi peke yake. Haikugeuka rangi, ila ilichora kwa vitone vikubwa, na mkono ukaonekana kama umenyunyiziwa pilipili manga. Tukapata wino mwingine wa rangi ambao haukufifia, nikadhani tumefika. Mzee akaupeleka mkono huo wa picha mlangoni kwenye jua, ukawa na ukijani. Akaurudisha chini ya taa, ukawa na wekundu. "Mtu hawezi kuwa na mikono miwili tofauti kwa kuvuka kizingiti," alisema, akaurudisha kwenye kopo.

Siku moja tukinywa chai aliinua kikombe chake. "Wino wako ule wa kwanza ni kama hii chai," alisema. "Rangi imeyeyuka kwenye maji, haina mwili. Kitu kisicho na mwili jua linakimaliza. Lakini masizi ya jikoni kwa mama yangu yalikuwepo nilipozaliwa, na niliyaacha yakiwepo tulipobomoa nyumba. Hakuna wino wa masizi?" Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikakaa hapo siku tatu, kila siku muda wa chakula cha mchana. Upo. Ni chembe nyeusi za kaboni, kitu kilekile kinachobaki chini ya sufuria, zikiwa zimesagwa mpaka zikaelea. Mtu huondoa rangi zote kwenye printa, mahali pa buluu, nyekundu na njano akaweka wino huohuo mweusi uliozimuliwa viwango tofauti, mzito, wa kati na mwepesi, ili kila kijivu kitoke kwenye masizi na si kwenye hila ya rangi. Wino huo unataka karatasi nene isiyong'aa. Unataka kutikiswa taratibu kila asubuhi kwa sababu chembe hutuama, na printa lazima ichape kila siku, hata mstari mmoja, la sivyo midomo yake inaziba.

Aliyetuletea ni Bwana Yusufu, mfanyabiashara wa mchele mwenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ambaye alikuwa akienda Lilongwe mara kwa mara. Huko alimjua mtu aliyechapa picha za kutundikwa maofisini. Alikuja na chupa nne zilizofungwa kwenye soksi ndani ya mchele, akakaa kwenye benchi kunitazama nikizijaza. Mzee alikuwa amekwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Bwana Yusufu aliniuliza nani huyo anayestahili tabu yote hii, na kwa kuwa alikuwa karibu mgeni kwangu, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nilimwambia yote: uso uliofifia, mama wa Ngana, na picha niliyoifuta.

"Marehemu alikuwa nani?"

"Lusajo. Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa."

Alivua kofia yake akaishika magotini. "Mashine ni yangu," alisema. "Ile ya Njisi. Tangu afe, ikiharibika naita mafundi watatu." Kisha akasema polepole, kama anayekumbuka alikoweka ufunguo, "Nilipomwandika kazi aliniletea picha."

Picha za pasipoti hutolewa nne nne. Nilikuwa nazikata kila siku kwa mkasi na sikuwahi kufikiri zile nyingine tatu zilikwenda wapi. Kesho yake nilikwenda Njisi kwa baiskeli ya kukodi. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya mashine, kila kitu kimefunikwa unga wa pumba, hata kope za wafanyakazi. Alitafuta kwenye mafaili matatu. Lusajo alikuwa katika la pili, amebanwa kwa pini kwenye karatasi yenye jina lake, pini imepita kwenye kola ya shati na kutu imepanda mpaka kidevuni. Lakini macho yalikuwa mazima. Nililia mbele ya watu nisiowajua, na mashine ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyenisikia.

"Ichukue," Bwana Yusufu alisema. "Ila mama yake umwambie wewe. Hilo siwezi kukubebea."

Nilifanya kazi kwenye kompyuta siku nne nikiondoa kutu. Mzee alikaa nyuma yangu. Nilipotaka kulainisha ngozi alisema, "Usimpambe," na nilipotaka kufuta kovu dogo juu ya nyusi alinigusa bega. Siku ya nne aliinama karibu na kioo, akaonyesha tundu la pini kwenye kola. "Ile aliyotuletea mama yake haikuwa na tundu hili."

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. "Ile niliifuta, mzee. Mwezi wa tatu. Siku ile nilikudanganya."

Alitoka, nikamsikia akifagia chumba cha mbele, ambacho kilikuwa kimefagiliwa asubuhi. Aliporudi alikaa mahali palepale. "Na mimi nilipiga mhuri kwenye kitu nisichokijua," alisema. "Malizia." Hatukulizungumza tena, siku hiyo wala baadaye, na sijui mpaka leo kama alinisamehe au aliona tu kazi haijaisha.

Kufikia mwezi wa kumi na mbili nusu ya dirishani ya mkono wa masizi ilikuwa imekaa juani miezi mitatu. Tuliiweka kando ya nusu ya kopo, tukaibadilishabadilisha, na nikashindwa kujua ipi ilitoka wapi mpaka nilipogeuza kusoma penseli. Ilikuwa na weusi wenye joto kidogo, kama kahawa kavu. Mzee alilowesha kidole akasugua, akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi. Alikwenda akakigeuza kibao, lakini hakukitundika. "Kwanza peleka deni," alisema. Nilichapa Lusajo siku ile. Alitokea kuanzia nywele kushuka chini, mstari kwa mstari, na macho yalipofika, Mzee alisimama, kama mtu anavyosimama mgeni akiingia.

Nilikwenda Ngana peke yangu. Kwa Mama Lusajo palikuwa na kakao imeanikwa uani kwenye mikeka, na harufu yake ya kuchacha iliingia mpaka ndani. Alinikaribisha, akaniwekea kigoda, akaenda jikoni kabla sijasema lililonileta, akarudi na ndizi zilizopikwa na samaki wa ziwani. Fremu ya zamani ilikuwa ukutani, inatazama mlango. Sasa ilikuwa karibu karatasi tupu. Nilijua nikianza kula sitasema, kwa hiyo niliweka mikono magotini nikamwambia: kwamba wino niliuchagua mimi, kwamba picha ilikuwepo nikaifuta, kwamba alipokuja nikamdanganya machoni, na kwamba hii niliyobeba ilipatikana Njisi kwa bahati.

Alikuwa anatoa miiba kwenye samaki. Hakuacha. "Ulifuta ukijua ni yeye?"

"Hapana, mama. Sikutazama."

"Hukutazama," alirudia. Alisukuma sahani upande wangu. "Miezi yote hii ulikuwa unakula na nani?"

Nilimwambia nakula peke yangu. Akatikisa kichwa, na sikujua ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya mwanawe. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha kabisa, akafungua karatasi. Hakulia. Alipitisha kidole hewani juu ya uso bila kuugusa, akasimama kwenye kovu. "Hapa alipigwa na mpini wa jembe akiwa na miaka sita. Nilikuwa nimelisahau." Aliitazama mpaka ndizi zikapoa. Halafu akaifunga tena kwenye karatasi yake, akafungua sanduku la bati, akailaza katikati ya nguo.

"Hutaitundika?" niliuliza.

"Hii ni ya watoto wa dada zake. Wao hawakumwona, wao ndio watamhitaji aonekane." Alielekeza kidevu ukutani. "Mimi yule nimemzoea. Yule ndiye ninayeongea naye asubuhi."

Basi wino tuliokuwa tumeutafuta ili ushinde jua uliishia gizani kwenye sanduku, na ile iliyokufa ikabaki kwenye mwanga. Niliumia, siwezi kukana, na niliona haya kwa kuumia. Aliponisindikiza hadi kwenye njia ya kakao aliniuliza jina langu, kwa kuwa siku zote alikuwa akiniita dada wa studio. Nikamwambia naitwa Salima. Alilisema mara mbili ili likae. "Jumapili uje ule hapa," alisema. "Tukitoka kanisani nakuwa peke yangu."

Nilisema nitakuja. Sikwenda. Jumapili tatu nilipika wali wangu Bondeni, nikasubiri wenye nyumba wapakue. Niliogopa wema wake kuliko nilivyoogopa hasira yake. Hasira ningeibeba na ingekwisha, lakini sahani ile ya samaki aliyetolewa miiba sikujua niiweke wapi. Studio ilikuwa imefunguka tena, kibao kimetundikwa, wazee wanakuja na sura zao za kukuzwa, na Mzee akaanza kunikabidhi mhuri niupige mwenyewe. Kila mtu alidhani nina furaha.

Jumapili ya nne nilitembea mpaka Ngana. Mvua ilikuwa imenyesha na mikeka ya kakao ilikuwa imeondolewa uani. Nilipokaribia mlango nikamsikia akizungumza ndani, Kinyakyusa, taratibu, akiacha nafasi kama anayesubiri kujibiwa, na nikadhani ana wageni. Nikataka kurudi. Nilisimama chini ya upenu nikisikiliza, nisielewe neno, kama nilivyokwisha kuzoea. Kisha, katikati ya maneno yale, alilisema jina langu, akalirudia kwa uangalifu kama mtu anayemtamkia mwenzake jina geni. Nikajua humo ndani hapakuwa na mtu mwingine ila yeye na fremu iliyofifia. Nilivua viatu vilivyojaa matope, nikavipanga kando ya mlango, nikabisha hodi.